Bomba la Bi Mwantumu Likaguliwe Mara Ngapi?

Mbeya, Jumatatu, 6 Juni 1955

Leo nimesema uongo mmoja mdogo. Nauandika hapa nisiusahau, maana naona itabidi niutunze.

Nilikuwa barazani kwenye duka la Vinubhai, nyuma ya cherehani yangu, nashona kaptura za shule. Kaptura ya kumi na tisa. Baridi kali, vidole havikunjiki. Mara akaja Bi Mwantumu na gauni la kurefushwa. Bi Mwantumu mwenyewe! Mjane, mwenye nyumba ya matofali kule juu penye mikaratusi. Mmoja wa watu watatu tu mtaani kwetu wenye choo cha kuvuta mnyororo. Mimi ni mgane, mwaka wa nne sasa. Tangu Idi natafuta neno la kumwambia. Kila nikilipata, ameshapita.

Leo neno likaja lenyewe. Alisema choo chake kikivutwa siku hizi, bomba linakoroma chini ya ua kama mzee aliyeshiba. Akauliza, bila kumtazama mtu, hivi bomba la maji machafu linatakiwa kukaguliwa kila baada ya muda gani.

Nikajibu: kila wiki.

Sijui jibu lilitoka wapi. Akageuka. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama cherehani. Akasema hakujua kuwa fundi Alawi anajua mambo ya mabomba. Nikamwambia nilifanya kazi na Mzungu wa mabomba kule Iringa baada ya vita. Ni kweli. Nilimshonea hema. Hema lilikuwa karibu sana na mabomba.

Tumekubaliana nianze kukagua Jumatano. Vinubhai alikuwa anapima sukari, akasikia yote. Alitikisa kichwa mpaka miwani ikamshuka puani.

Jumatano, 8 Juni

Ukaguzi wa kwanza. Nilivaa koti. Mkaguzi lazima avae koti.

Uani kwa Bi Mwantumu kuna shimo la kukagulia, lenye kifuniko cha chuma. Bomba linatoka chooni, linapita hapo, halafu linateremka chini ya mikaratusi hadi kwenye karo, shimo la maji machafu. Hayo alinionyesha yeye. Nikasema najua.

Kifuniko kilikataa kunyanyuka. Niliazima mtaimbo wa Vinubhai, nikakinyanyua, kikaniangukia kwenye kidole cha mguu. Sikulia. Nilisema tu kwamba kifuniko ni kizito kama inavyotakiwa. Harufu, Mungu wangu! Niliinama, nikapima upana wa shimo kwa futi yangu ya kushonea, nikaandika: kifua, inchi ishirini na nne. Mazoea mabaya. Nikafuta haraka.

Kisha nikasema hali ni ya wastani lakini inataka kuangaliwa kwa karibu. Kwa karibu sana.

Chai ya tangawizi. Vitumbua vinne. Alinisimulia alivyokuwa mtoto kule Kalenga, Iringa. Anacheka kwa kuziba mdomo na ncha ya kanga. Furaha kubwa!

Nilipokuwa natoka akaingia mwanamume. Mrefu, kofia ya udereva, kikapu cha Iringa kilichosukwa vizuri mkononi. Akavua viatu bila kuambiwa. Akakaa mkekani bila kuambiwa. Akaita chai! Bi Mwantumu akasema huyu ni Selemani, dereva mpya wa basi la Iringa, hufika Mbeya Jumatano na Ijumaa.

Mara mbili kwa wiki. Mimi mara moja.

Ijumaa, 10 Juni

Nilitafakari jambo hili msikitini, Mungu anisamehe, wakati wa hotuba.

Baada ya sala nikaenda moja kwa moja. Nilimweleza Bi Mwantumu kuwa kanuni ya kila wiki ni ya Iringa. Hapa Mbeya, mwezi wa sita, mafuta ya chakula yanaganda bombani kwa baridi. Kwa hiyo ni mara mbili. Jumatano na Ijumaa.

Akasema kumbe. Kisha akasema kama ni hivyo, mkaguzi anayeona uchafu na kuuacha ana faida gani? Akanipa ndoo na kata.

Nimekwangua shimo lile kuanzia saa nane mpaka alasiri. Mafuta yaliyoganda, mchanga, kijiko kimoja cha chai, nywele za mtu. Ndoo saba. Selemani alifika saa tisa, akaniangalia kutoka juu, akaniuliza kwa heshima kama nataka msaada. Nikasema hii ni kazi ya kitaalamu. Akaenda kunywa chai. Yangu.

Koti limekwisha. Nimelianika nyuma ya nyumba. Jirani amekuja kuuliza kama nimekufa.

Jumatatu, 13 Juni

Umaarufu ni balaa.

Asubuhi alikuja Mzee Kalinga, aliyekuwa sajini vitani. Alisimama mbele ya cherehani kama yuko gwarideni. Alisema amesikia mimi ni mkaguzi wa mabomba, na yeye ana choo cha mnyororo, nije lini? Nilikuwa na kaptura thelathini za kumaliza. Nikamwambia bomba lake halina haja. Kukagua ni mara moja kila miaka kumi.

Akaondoka ameridhika. Saa nne akaja Mama Lusia, mwenye choo cha tatu. Naye nikamwambia miaka kumi.

Saa sita wakarudi wote wawili. Walikuwa wamekutana sokoni. Mzee Kalinga aliuliza, kwa sauti ya kijeshi, inakuwaje bomba la Bi Mwantumu likaguliwe mara mbili kwa wiki na lake mara moja kwa miaka kumi. Nikasema inategemea mteremko. Mama Lusia akasema nyumba yake na ya Bi Mwantumu ziko ubavu kwa ubavu, mteremko ule ule. Nikasema inategemea na upepo.

Mzee Kalinga alitazama juu, kuutafuta upepo. Mama Lusia alinitazama mimi. Mwanamke yule ana macho ya sindano. Alisema atamuuliza Asukile.

Asukile ni Mnyakyusa mmoja mpana, anayesimamia mifereji ya mji chini ya Bwana Afya. Simpendi. Mtu wa kujua mambo.

Jumatano, 15 Juni

Msiba! Bomba limepona.

Nilifika saa nane. Bi Mwantumu alinipokea kwa uso wa furaha, akanipa habari kwamba tangu nilipokwangua, bomba halikoromi. Alivuta mnyororo nisikie. Maji yakaenda kimya kabisa, kama mtu mwenye adabu. Alinishukuru. Alisema sasa nipumzike, nimeteseka vya kutosha.

Kupumzika! Na Jumamosi anafanya maulidi, wanawake arobaini, nyumba itajaa, hatanikumbuka tena. Na Selemani alikuwa mkekani, anamenya viazi vya watu kama wa nyumbani!

Niliomba niangalie kwa mara ya mwisho. Bi Mwantumu akaingia jikoni. Mfukoni nilikuwa na mabaki ya kaki, vipande vya mifuko ya kaptura. Nilivifunga pamoja, donge dogo tu, ukubwa wa ngumi. Nikalisukuma ndani ya bomba. Wazo ni likorome kidogo. Kidogo tu. Kisha aniite, nilitoe, niwe shujaa.

Niliporudi barazani, Vinubhai aliniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia mambo ni mazuri.

Alhamisi, 16 Juni

Mambo si mazuri.

Niliitwa saa mbili asubuhi. Nilikwenda nikipiga mluzi. Nilipofika kwenye kona nikaacha. Maji yalikuwa yameinua kile kifuniko cha chuma, kizito kile, yakasambaa ua mzima. Kuku wamepanda juu ya paa la jiko. Sufuria za maulidi, za kuazima, zinaelea. Yalikuwa yameingia mpaka kwa Mama Lusia, kwenye bustani yake ya kabichi.

Bi Mwantumu alisimama kwenye ngazi, kanga ameinua mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisema tu kwamba wageni ni keshokutwa, na kwamba marehemu mume wake hakuwahi kumwaibisha kwa mambo ya maji.

Nilifanya kila kitu. Nilisukuma kwa mwanzi, mwanzi ukavunjikia ndani. Nililala chini kifudifudi nikaingiza mkono mpaka begani. Nililigusa lile donge kwa ncha ya kidole. Wallahi, nililigusa! Likaenda mbele zaidi.

Mama Lusia hakusubiri. Akamleta Asukile.

Asukile alikuja na fimbo ndefu za kuunganisha na kulabu nchani. Alisalimia watu wote, akavua viatu, akaweka shati lake juu ya ua wa matete, akaanza kazi. Mtaa mzima ulikuwa umejaa pale, Mzee Kalinga mbele. Fimbo ikaingia, ikaingia, ikagota. Akaizungusha. Akavuta. Ukatoka mwanzi wangu. Akavuta tena.

Likatoka donge la kaki.

Asukile akalifungua taratibu, kipande kimoja baada ya kingine. Kipande cha mwisho akakiinua juu. Kilikuwa mfuko wa kaptura ya shule, na mshono wangu juu yake. Mbeya nzima kuna mtu mmoja tu anayeshona mfuko namna ile, pembe mbili. Hata kuku walinyoosha shingo kutoka juu ya paa. Kichwa kimoja baada ya kingine kikanigeukia. Niliona maisha yangu yote yanapita, na mengi yalikuwa kaptura.

"Hiyo ni yangu," akasema Bi Mwantumu.

Watu wakamgeukia yeye.

"Niliviomba vipande hivyo kwa fundi, vya kupigia deki. Jana vilinitoka mkononi vikaangukia chooni. Haya, Bwana Asukile, nani kakuambia usimame? Vuta!"

Sikuweza kumtazama. Nilitazama miguu yangu. Hata yenyewe ilikuwa haionekani, imo majini.

Asukile akavuta tena. Na hapo ndipo kilipotoka kizibo chenyewe: mizizi. Mkia mzima wa mizizi ya mkaratusi, mrefu kuliko mimi, mwekundu, umesukika kama nywele. Watu wakasema lo! Asukile alieleza kuwa mabomba haya ni ya udongo wa kuchoma, yamepasuka kwenye maungio, na miti imeingia kunywa. Kaki imezidisha tu. Bila hiyo yangeziba wakati wa masika, ua ungetitia na choo chake.

Mama Lusia akaona nafasi yake. Aliuliza, akinitazama mimi, basi bomba likaguliwe mara ngapi?

Asukile alifikiri. Alisema bomba lisilo na ufa wala mti karibu, miaka miwili au mitatu si mbaya. Bomba la udongo lenye mikaratusi juu yake, kila mwaka, kabla ya mvua. Na likikoroma au kunuka, usingoje mwaka, ita mtu siku hiyo hiyo.

"Na mtu huyo," akasema Asukile, "asiwe mshonaji."

Walicheka mpaka Mzee Kalinga akashika ukuta.

Ijumaa, 17 Juni

Mikono yangu imepasuka. Naandika kwa shida.

Jana Asukile alisema vipande vinne vya bomba lazima vitolewe na vingine viwekwe, na mtaro uchimbwe tangu kwenye shimo mpaka kwenye karo. Alipata mabomba. Hakupata watu. Nikasema mimi. Hakuna aliyeniomba. Nilishtuka kusikia sauti yangu.

Nimechimba jana mchana wote na leo tangu alfajiri. Ardhi ya huku juu ni ngumu, na mizizi ndiyo usiseme. Leo saa tatu Selemani alifika na basi lake, akaona, akavua kofia, akashuka mtaroni. Nilitaka kumwambia ni kazi ya kitaalamu. Mgongo ukanikataza.

Tulichimba pamoja. Anachimba vizuri, mshenzi. Karibu na saa tano tukapumzika, tukakaa ukingoni miguu ndani. Nikajikaza. Nilimuuliza, kama mzaha, ana mpango gani na Bi Mwantumu. Arusi lini?

Selemani alinitazama kama niliyesema naye Kichina. Alisema Mwantumu ni dada yake! Mama yake Selemani aliugua alipojifungua, na mama yake Bi Mwantumu ndiye aliyemnyonyesha kule Kalenga. Wamenyonya ziwa moja. Kwa dini yetu ni ndugu, haramu kuoana. Kila mtu anajua, akasema. Alidhani hata mimi najua.

Nilirukia jembe. Nilichimba vile vipande viwili vilivyobaki peke yangu, nikiimba. Asukile alikuja akanitazama, akamuuliza Selemani huyu amekula nini.

Saa kumi bomba lilikuwa limelazwa, maungio yamepakwa saruji, mikaratusi miwili imekatwa. Asukile akasema ngoja mpaka kesho asubuhi, ndipo mvute. Halafu akanishika bega. Alisema kwa mtu wa sindano, nimechimba. Ndaga, akasema. Najua ni asante kwa Kinyakyusa. Pengine si mtu mbaya.

Jumamosi, 18 Juni

Maulidi! Mimi mwanamume, nilikaa nje na Mzee Kalinga na Selemani, tukilinda sufuria za pilau. Lakini masikio yalikuwa ndani. Mnyororo umevutwa mara hamsini na tatu. Nilihesabu. Wanawake walikuwa wanaingia kuvuta hata bila haja, kusikia tu maji yanavyokwenda. Hakuna hata tone lililorudi.

Mama Lusia alitoka na sahani akaniletea pilau kwa mkono wake. Hakutabasamu, lakini nyama ilikuwa nyingi. Alisema kabichi zake zimeanza kuchangamka kwa yale maji, ila nisithubutu tena.

Bi Mwantumu alitokeza mara moja mlangoni, amevaa lile gauni. Nimelirefusha sawasawa. Alinitafuta kwa macho. Akaniona. Akarudi ndani.

Sikumaliza pilau. Nilishiba.

Jumapili, 19 Juni

Nimekwenda kwake na ratiba. Niliiandika vizuri, kwa kalamu, na mistari. Nilimweleza kuwa bomba jipya ni kama mtoto mchanga, linataka kutazamwa kila siku mpaka lizoee. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, siku zote.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. Alisema Bwana Asukile amesema mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo karibu tena mwezi wa sita mwakani.

Mwakani! Nilisimama pale na ratiba yangu. Nadhani mdomo ulikuwa wazi.

Akaweka ungo chini.

"Bwana Alawi," akasema, "mimi nimekutana na mafundi wengi. Hakuna aliyependa mavi ya mtu kiasi hicho."

Nilikunja ratiba yangu mara nne.

"Ile kaki niliiona ulipokuwa unaitia. Nilikuwa dirishani jikoni. Nilikuacha nione mwisho wake ni upi. Sikujua mwisho wake ni sufuria za watu kuelea." Hapo akaziba mdomo na ncha ya kanga, mabega yakamtikisika. Kisha akawa mkali tena. "Sasa sikiliza. Sitaki tena kukuona unazungukia uani unafunua vifuniko. Mtu mwenye haja na mtu hupita mlango wa mbele. Anapiga hodi, anakaa, anasema haja yake. Mlango wa mbele, Bwana Alawi. Mimi nipo kila siku baada ya alasiri. Na Selemani atakuwepo Jumatano, kama kuna neno la kuambiwa kaka."

Nikasema asante. Nikatoka kwa kupitia uani.

Jumatatu, 20 Juni

Nimefikiri kutwa nzima. Nimeshona kaptura mbili zenye miguu mitatu.

Alitaka kuniambia nini? Nimeyapitia maneno yake moja moja, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. Na leo saa tisa, ghafla, nimeelewa. Nilisimama, kiti kikaanguka. Aliutaja mlango wa mbele mara mbili. Mara mbili! Mwanamke mwenye akili kama yule hataji mlango mara mbili bure. Mlango una kasoro. Na ameona haya kuniambia wazi, baada ya taabu yote niliyopata.

Nikaingia dukani mbio, nikamwomba Vinubhai kopo la mafuta ya mashine. Aliuliza ya nini. Nikamweleza yote, tangu ratiba hadi mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniangalia kwa huruma nyingi sana. Akachukua kutoka rafu ya juu chupa ndogo ya marashi ya waridi, akaiweka mbele yangu, akasema, Alawi, ndugu yangu, chukua hii, nenda sasa hivi, piga hodi, sema.

Nikamshukuru, lakini marashi hayalainishi chuma. Nimechukua mafuta.

Kesho baada ya alasiri nakwenda. Nimeshapanga la kumwambia: mlango wa mninga, kwa unyevu huu wa Mbeya, bawaba zake zinakaguliwa kila siku.